Taa za Mbele: Tafuta Ugonjwa Kabla ya Kununua Dawa



Juma hili tutazungumza juu ya taa za mbele za motokaa. Labda wewe huna motokaa, nawe wataka kufunua ukurasa mwingine. Ngoja kidogo. Jambo hili lamhusu mwenye kuendesha. Lamhusu abiria aliyeketi nyuma yake katika basi dogo. Na zaidi ya wote lamhusu yule aendaye kwa miguu kandokando ya barabara, ambaye hana taa yoyote ila zile za motokaa inayomjia.

Tazama njia zetu za Lubumbashi wakati wa jioni. Katika nchi yetu, jua likiisha kuzama, giza halikawii kuingia. Saa hiyo akina mama wanarudi kutoka sokoni, beseni kichwani. Wafanyakazi wanashuka kutoka kazini kwenda Katuba, Kenya na Ruashi. Waendesha baiskeli wanaingia mjini na magunia ya makala yaliyopandana hata mwenyewe haonekani. Katika barabara ya Kasumbalesa, ambayo ni kilomita kama 90 mpaka mpakani, malori ya shaba na kobalti husimama mara kwa mara kando ya njia, na mengine hayana taa hata moja nyuma. Hapo yatokea motokaa yenye jicho moja. Aionaye kwa mbali adhani ni pikipiki, naye aipisha kama apishavyo pikipiki. Kumbe katika upande ule wa giza imo nusu nzima ya motokaa.

Sasa tufanye hesabu kidogo. Mwenye mwendo wa kilomita 60 kwa saa hupita karibu mita 17 katika sekunde moja. Ahitaji kama sekunde moja hivi ili aone hatari na kukanyaga breki. Baadaye motokaa yaendelea mita 20 hivi kabla ya kusimama, hata kama barabara ni kavu na breki ni nzuri. Jumla ni mita 37. Taa nzima za kupishana humulika mita 40 mpaka 60 hivi mbele. Lakini taa zilizofifia hazifiki huko. Maana yake ni kwamba dereva amwona mtu wakati ambapo hawezi tena kumwokoa.

Kwa hiyo mwenye motokaa hana ruhusa ya kusema, «Nitaitengeneza mwezi ujao.» Lakini mara nyingi si uvivu unaomchelewesha, bali ni uchovu wa kupoteza fedha. Amekwenda kwa fundi wa kwanza, akabadilisha globu. Wa pili akabadilisha swichi. Wa tatu akashauri betri mpya. Fedha ya karo ya watoto ikatoka, na taa ikabaki vile vile. Ndiyo sababu twataka kueleza leo jinsi ya kuutafuta ugonjwa kwa utaratibu. Kasoro ya umeme si bahati mbaya wala uchawi. Ina mahali pake, na mahali hapo hupatikana kwa kuifuata njia ya umeme hatua kwa hatua.

NJIA YA UMEME

Umeme hutoka katika betri, hupita katika fyuzi, katika rilei na swichi, hufuata waya mpaka kiungo kilicho nyuma ya taa, huingia katika globu, na kisha hurudi. Watu wengi husahau kule kurudi. Umeme hurudi kwa waya unaofungwa kwenye bati la motokaa, ambao mafundi wetu huuita masi, na kutoka katika bati hufika upande wa kutoa wa betri. Fikiri juu ya mnyororo wa baiskeli. Ukikatika juu au chini, mbele au nyuma, ni mamoja: gurudumu halizunguki. Ndivyo ilivyo kwa taa. Njia ikikatika katika kwenda au katika kurudi, haiwaki.

Tena kuna ugonjwa wa pili, ulio mgumu zaidi kuutambua: njia haijakatika kabisa, bali imebanwa. Taa yawaka, lakini hafifu, yenye rangi ya manjano. Globu ya kawaida ya aina ya H4, ambayo imo katika motokaa nyingi za kwetu, hutumia wati 55 kwa mwanga wa kupishana na wati 60 kwa mwanga wa mbali. Gawanya 55 kwa volti 12, utapata ampea 4.6 hivi kwa taa moja. Huo si umeme mdogo. Ukikuta kizuizi njiani, hata kidogo sana, sehemu ya nguvu hubaki pale pale na kugeuka kuwa joto. Nayo globu haisamehe: volti zikipungua sehemu moja katika kumi, mwanga hupungua karibu sehemu tatu katika kumi. Volti moja na robo ikipotea njiani, theluthi moja hivi ya mwanga wako imekwenda.

Kizuizi hicho chatoka wapi? Sisi wa Katanga twapaswa kukijua kuliko watu wengine. Wazee wetu walipotafuta shaba walitazama vilima vyenye mawe ya kijani, yaani malakiti, kwa sababu jiwe lile ni shaba iliyoungana na hewa na maji. Katika mji huu shaba ilianza kuyeyushwa kwa tanuru kubwa mwaka 1911, ili itolewe katika mawe na iwe safi hata kupitisha umeme. Basi fungua kiungo cha taa kilichokaa miaka mingi katika vumbi la kiangazi na mvua ya masika: utaona unga wa kijani juu ya waya. Ni shaba ile ile inayorudi kuwa jiwe. Na jiwe halipitishi umeme kama shaba ipitishavyo.

MASWALI YA KWANZA

Tabibu mzuri hamchomi mgonjwa sindano kabla ya kumwuliza maswali. Nawe, kabla ya kushika koleo, jiulize maneno manne.

Kwanza: ni taa moja au ni zote mbili? Ikiwa ni moja tu, betri haina kosa, wala swichi kwa kawaida haina kosa, kwa kuwa vyote viwili hulisha pande zote. Tafuta karibu na taa yenyewe: globu, kiungo, masi yake, na fyuzi yake, kwa maana motokaa nyingi zina fyuzi moja kwa kila upande. Ikiwa zote mbili zimezimika, tafuta mahali ambapo njia zao zinaungana: fyuzi kubwa, rilei, swichi. Lakini kumbuka kwamba globu mbili zaweza kufa zikifuatana, ikiwa ya kwanza ilikwisha kufa zamani wala hakuna aliyeitazama.

Pili: imezimika kabisa au imefifia? Iliyozimika ina njia iliyokatika. Iliyofifia ina njia iliyobanwa, au betri yake imechoka.

Tatu: ni mwanga wa kupishana, au wa mbali, au yote miwili? Globu ya H4 ina nyuzi mbili ndani yake. Ule wa kupishana hutumika zaidi, nao kwa kawaida ndio uanzao kukatika.

Nne: ni siku zote, au mara kwa mara? Taa inayozimika katika mashimo na kuwaka tena katika lami ina kiungo kilicholegea. Washa taa, simamisha motokaa, kisha tikisa nyaya moja moja taratibu. Ule utakaoifanya taa ipepese ndio wenye ugonjwa.

KUTAFUTA HATUA KWA HATUA

Tuseme taa ya kushoto haiwaki. Zima taa zote na injini, uvue pete ya chuma kidoleni, na uache globu ipoe, kwa maana yachoma vikali. Toa globu ya kushoto, uweke pale ile ya kulia ambayo ni nzima. Ikiwaka, globu ya zamani imekufa; nunua nyingine ya wati zile zile. Isipowaka, globu haikuwa na kosa, nawe umejiokolea bei yake. Katika kazi hiyo usiguse kioo cha globu kwa vidole. Mafuta ya mkono hubaki juu ya kioo, hukipasha moto mahali pamoja, na globu hufa kabla ya wakati wake. Ikiwa umeigusa, ipanguse kwa kitambaa safi chenye spiriti.

Baada ya globu, tazama fyuzi. Zile za siku hizi zina rangi zinazoonyesha nguvu zao: nyekundu ni ampea 10, buluu ni ampea 15, manjano ni ampea 20. Iliyoungua, weka nyingine ya rangi ile ile. Ikiungua tena mara moja, usiendelee kuilisha fyuzi. Kuna waya uliochubuka na kugusa bati, nao lazima utafutwe. Tafadhali, kamwe usiweke fyuzi kubwa zaidi, wala kipande cha waya, wala karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara. Fyuzi ni mlinzi aliyewekwa afe yeye ili motokaa isiungue. Ukimwondoa mlinzi huyo, waya ndio utakaokuwa fyuzi, nao hupita chini ya miguu ya watoto wako.

Fyuzi ikiwa nzima, pima kwenye kiungo cha globu. Yahitaji kipima umeme cha kawaida. Kilicho rahisi kabisa chatosha. Washa taa, ukaguse ncha moja ya kipima kwenye upande wa kutoa wa betri na ncha nyingine kwenye kila tundu la kiungo. Ukipata volti 12 au zaidi kidogo katika tundu la mwanga unaoutafuta, umeme wafika. Kasoro basi ni katika kurudi, yaani masi. Usipopata kitu, rudi nyuma hatua moja moja, kuelekea rilei na fyuzi, mpaka upate mahali ambapo umeme upo. Ugonjwa umo kati ya mahali pa mwisho palipo na umeme na mahali pa kwanza pasipo nao. Hapo hapo, wala si kwingine.

Masi mbaya ina dalili zake. Ukiwasha mwanga wa mbali, taa ndogo nyingine zapata kuwaka hafifu pasipo kuambiwa, kwa sababu umeme uliokosa njia ya kurudi hutafuta njia kwa majirani. Dawa yake ni bei ndogo. Fungua boliti ya masi, sugua bati na ncha ya waya kwa msasa mpaka chuma king'ae, kaza tena vizuri, na upake mafuta ya vaselini juu yake ili maji yasiingie. Kazi hiyo ya nusu saa huponya taa nyingi kuliko globu zote za dukani.

Hapa lazima tutoe onyo moja. Katika motokaa nyingi za Kijapani, hasa Toyota za zamani, mambo yamegeuzwa: umeme huingia katika globu moja kwa moja kutoka kwenye fyuzi, nayo swichi hukata au hufunga njia ya kurudi. Fundi asiyejua jambo hilo huona umeme katika kiungo, hulaumu masi, huunga waya mwingine kwenye bati, na mara taa zakataa kuzimika. Basi ikiwa gari lako ni la namna hiyo, tafuteni kwanza mchoro wa nyaya zake. Na katika motokaa mpya zenye kompyuta, tumieni kipima umeme tu. Msizitoboe nyaya kwa sindano, wala msiguse huku na huku kwa waya mtupu.

IKIWA ZOTE MBILI ZIMEFIFIA

Anza na betri. Injini ikiwa imezimwa na motokaa imepumzika, betri iliyojaa huonyesha volti 12.6 hivi, ikionyesha 12.2, imebaki nusu. Kisha washa injini. Sasa kipima kionyeshe kati ya 13.8 na 14.4, kwa sababu altaneta, yaani chombo kinachozalisha umeme injini inapozunguka, ndicho kinacholisha motokaa yote. Ikiwa hesabu haipandi, au taa zang'aa ukikanyaga mafuta na kufifia ukiachilia, tazama mkanda wa altaneta na altaneta yenyewe. Ikiwa hesabu yapita 15, kirekebishi cha altaneta kimeharibika. Huyo ndiye mwuaji wa globu. Mtu anayenunua globu kila mwezi hana budi kupima hapo kabla ya kumlaumu mwenye duka.

Ikiwa betri na altaneta ni nzima, pima hasara ya njiani. Washa injini na taa. Pima volti kwenye betri, tuseme 14. Pima tena nyuma ya globu, kiungo kikiwa mahali pake na taa ikiwaka. Ukipata 13.5, si vibaya. Ukipata 12, volti mbili zimeliwa njiani. Kisha weka ncha moja ya kipima kwenye masi ya globu na nyingine kwenye upande wa kutoa wa betri. Kisionyeshe zaidi ya sehemu mbili za kumi za volti moja. Kwa vipimo hivyo viwili umekwisha kujua kama mwizi yumo katika kwenda au katika kurudi. Gusa pia viungo kwa mkono, taa zikiisha kuzimwa. Kinachochoma zaidi ya wenziwe ndicho chenye kizuizi, na plastiki iliyogeuka rangi ya kahawia yatoa ushahidi.

Kwa mambo ya rilei, sikiliza. Msaidizi akiwasha taa, nawe ukashika rilei kwa vidole, utasikia mlio mdogo. Ikinyamaza, jaribu kuweka mahali pake rilei nyingine ya namna ile ile, kwa mfano ya honi, ikiwa mchoro wake ni sawa. Taa zikiwaka, umepata jibu bila kutoa fedha.

Mwisho, usisahau kwamba si kila ufifi watoka katika umeme. Vioo vya plastiki vya taa hugeuka manjano kwa jua, na vumbi letu jekundu huvifunika. Kuna motokaa ambazo nyaya zake ni nzima kabisa, lakini mwanga wabaki ndani ya kioo. Maji, sabuni na kitambaa kwanza, baadaye kung'arisha, ndipo kipima umeme.

DAWA ZINAZODHURU

Wengi, wakiona mwanga ni haba, hununua globu za wati 100. Ni kosa. Wati 100 zahitaji ampea 8 na zaidi kwa kila taa, na waya uliotengenezwa kwa ampea 5 hupata moto, plastiki yayeyuka, na kizuizi chazidi. Mwenye kufanya hivyo amenunua mwanga wa juma moja kwa bei ya nyaya mpya. Wengine huweka globu za aina nyingine, zenye mwanga mweupe wa kuumiza, katika taa zilizotengenezwa kwa halojeni. Taa hizo hutawanya mwanga ovyo. Dereva afurahi kwa kuwa aona ukuta mweupe mbele yake, na huku yule anayemjia amepofuka.

Liko pia jambo linalotuhusu sisi hasa. Katika Kongo twaendesha upande wa kulia. Wenzetu wa Zambia, ng'ambo ya Kasumbalesa, waendesha upande wa kushoto, kama Tanzania, Afrika ya Kusini na Japani. Motokaa nyingi za mji wetu zilitengenezwa kwa nchi hizo, usukani wake ukiwa kulia. Taa zake za kupishana zimekatwa ili zimulike mbali zaidi upande wa kushoto, ambako kule kwao ndiko kando ya njia. Lakini kwetu upande wa kushoto ndio wa motokaa zinazokuja. Kwa hiyo mwanga wapanda machoni mwa mwenzako, na mwenye baiskeli aliye upande wako wa kulia abaki gizani. Hakuna globu wala waya utakaoponya hayo. Dawa ya kweli ni taa zilizotengenezwa kwa nchi za upande wa kulia, nazo zapatikana kwa motokaa za aina nyingi. Usipoweza kuzinunua sasa, shusha mwanga kidogo kwa parafujo za kurekebishia, na upunguze mwendo wako wa usiku.

Waweza kujua hali yako mwenyewe. Simamisha motokaa mahali palipo sawa, mita kama 5 mbele ya ukuta, giza likiisha kuingia. Washa mwanga wa kupishana. Utaona mpaka kati ya mwanga na giza. Mpaka huo uwe chini kidogo ya kimo cha taa zenyewe, na sehemu yake inayopanda iwe upande wa kulia. Ikipanda upande wa kushoto, taa zako ni za nchi nyingine.

MAZUNGUMZO NA FUNDI

Huenda wewe si fundi, wala hutaki kuwa fundi. Hata hivyo yafaa kujua namna ya kuzungumza naye, kwa heshima, kama mzee wa nyumba anayetunza mali ya watoto. Mazungumzo yaweza kuwa hivi:

– Baba, hapa itatubidi kununua rilei.

– Vema, fundi. Umepima wapi?

– Sijapima, Baba, lakini mara nyingi huwa ni rilei.

– Basi, ndugu yangu, twende tuone kwanza kama umeme wafika pale na kama watoka. Ukinionyesha kwamba waingia wala hautoki, nitakwenda dukani sasa hivi.

Fundi mzuri hatakasirika kwa neno hilo. Atafurahi kupata mtu anayetambua kazi yake. Mlipe kwa kutafuta, si kwa kubadilisha tu. Mtu aliyetumia saa moja kuipata boliti yenye kutu, akaisugua, hakukuuzia chombo chochote, lakini amekufanyia kazi kubwa kuliko yule aliyekuuzia vyombo vitatu. Ikiwa twamlipa yule wa vyombo tu, sisi wenyewe ndio tunaomfundisha kubahatisha. Na kijana wako anayejifunza kazi katika gereji, mnunulie kipima umeme kabla ya kumnunulia bisibisi ya kumi. Mwambie pia kwamba nyaya zilizosokotwa kwa mkono na kufungwa kwa mfuko wa plastiki si kazi iliyokwisha, ila ni ugonjwa wa mvua ijayo.

NENO KWA AENDAYE KWA MIGUU

Nawe usiye na motokaa, usingoje kila dereva awe amesoma ukurasa huu. Usiku tembea upande wa kushoto wa barabara, ili uzione motokaa zinazokujia. Vaa kitu cheupe. Hata kitambaa begani chafaa. Mwenye baiskeli ya makala afunge nyuma ya magunia kipande kinachorudisha mwanga, maana magunia meusi usiku ni kama hayapo. Mtoto anayetumwa dukani jioni ashikwe mkono na aliye mkubwa.

Wazee walisema: usipoziba ufa, utajenga ukuta. Kwa taa za mbele ufa ni boliti moja yenye kutu, na ukuta ni jambo lisilotengenezeka kwa fedha. Jumamosi hii, kabla ya safari ya Likasi au ya Kipushi, washa taa zako zote, mwanga wa kupishana na wa mbali, na umwombe mtoto wako asimame mbele ya motokaa akuambie aonayo. Akisema, «Baba, ya kushoto haiwaki,» usimjibu kwamba utaitazama kesho. Mpe kitambaa na msasa akushikie, ukafungue kifuniko cha injini, na mwanze pamoja na swali la kwanza.